Yu-Gi-Oh za mkononi: kompyuta inachungulia karata zetu, au ni sisi tu?

#1 Kijana wa Pantoni
Wakuu salaam. Wanaocheza Yu-Gi-Oh, ule mchezo wa karata za monsta, kwenye PSP, Game Boy, DS au kwa emuleta ya simu (programu ya kuchezea gemu za mashine hizo) naomba mpite hapa, nina dukuduku.

Naishi Kigamboni, kazi iko Posta, kwa hiyo muda wa kusubiri pantoni ndio muda wangu wa Tag Force 5, ile Yu-Gi-Oh ya PSP. Jana jioni nina Stardust Dragon mezani. Jamaa, yaani kompyuta, LP zake (pointi za uhai) 300, mkononi hana kitu, mezani hana kitu. Nasubiri zamu yangu nimmalize. Anachota karata moja: Dark Hole. Joka langu kaburini. Sawa, ajali kazini. Mimi nachota upuuzi. Yeye anachota tena moja: Monster Reborn. Analifufua joka langu mwenyewe, ananipiga nalo, habari yangu imekwisha.

Mtu mwenye mkono mtupu anachotaje mfululizo karata mbili ambazo ndizo hasa alizokuwa anazihitaji? Nasema hivi: kompyuta inaona karata zetu, na inajichagulia ya kuchota. Anayebisha alete hoja.

#2 Kashata Baridi
Ngoja wajuzi waje. Nimekaa pembeni na kahawa yangu.

#3 Deki Arobaini
Mkuu, kabla hujafungua kesi: deki yako ina karata ngapi?

#4 Kijana wa Pantoni
58. Nina karata kali nyingi, siwezi kuziacha zikae bure.

#5 Deki Arobaini
Nilijua. Haya, twende taratibu.

Sheria inataka deki ianzie karata 40, mwisho 60. Unaanza na tano mkononi. Ukiweka nakala tatu za karata fulani kwenye deki ya 40, uwezekano wa kuanza na angalau moja ni kama asilimia 34. Nakala hizohizo tatu kwenye deki ya 60 unashuka mpaka asilimia 23. Sasa njoo kwenye zile kali kabisa ambazo unaruhusiwa moja tu: deki ya 40 unaanza nayo mara moja katika kila mapambano manane, deki ya 60 mara moja katika kumi na mbili.

Wewe umebeba rundo, halafu unashangaa unapochota "upuuzi". Huo upuuzi uliuweka mwenyewe. Mpinzani ana deki yenye shughuli moja, kila anachochota kinamfaa. Kinachoonekana ni wizi, lakini ni mpangilio tu.

#6 Binti Mwananyamala
Halafu kuna kitu hakikai sawa kwenye maelezo ya mleta uzi. Ukiwa na Stardust Dragon mezani, karata yoyote inayotaka kuharibu kitu uwanjani unaizuia kwa kulitoa joka lenyewe kafara, na mwisho wa zamu linarudi. Dark Hole inaharibu monsta wote. Ulitakiwa kujibu "ndiyo" tu, Dark Hole inazimwa, joka linarudi mezani, zamu yako unammaliza. Kaka ulikuwa unabonyeza nini?

#7 Kijana wa Pantoni
Haikuniuliza dada. Ingeniuliza ningekubali. Na hilo naliongeza kwenye mashtaka.

#8 Binti Mwananyamala
Inauliza. Sema kwa simu ndogo na ile misukumano ya getini, unapita juu ya "hapana" hata hujasoma.

#9 Dogo wa Mbagala
Hahaha kesi imefutwa, mshtakiwa aachiwe huru.

#10 Fundi wa Aggrey
Msiifute haraka hivyo. Mimi natengeneza simu, vijana wananiletea niwawekee PPSSPP, emuleta ya PSP, na malalamiko haya nayasikia kila wiki. Si wote wana deki za karata 58.

Tatizo mara nyingi ni sevu. Mashine haina bahati. Ina hesabu inayotoa namba zinazoonekana za kubahatisha, na hesabu hiyo ina mahali inapoanzia. Ukitumia ile sevu ya emuleta, inayogandisha mchezo palepale, unagandisha na hiyo hesabu ilipofikia. Ukipigwa, ukarudi nyuma, ukabonyeza vilevile, karata zinakuja vilevile. Deki ilishachangwa kabla hujasevu! Mtu anakula Dark Hole ileile mara tatu nne, anakuja dukani anasema gemu imerogwa.

Swali kwa mleta uzi: hiyo mechi uliirudia?

#11 Kijana wa Pantoni
Niliirudia ndiyo, na Dark Hole ikaja tena. Lakini ile mara ya kwanza kabisa nilikuwa sijarudia chochote. Hiyo unaielezaje?

#12 Fundi wa Aggrey
Ya kwanza ni bahati mbaya. Zilizofuata ni wewe.

#13 Mtoto wa Game Boy
Nyie wa PSP mnalia na hamjaonja kipigo. Nani hapa amecheza Reshef of Destruction?

Ilitoka Marekani 2004 kwa Game Boy Advance, ikiendeleza hadithi ya The Sacred Cards ya 2003. Sacred Cards ilikuwa ya kistaarabu, mtoto wa darasa la tano anaimaliza likizo. Braza wangu alikuja nazo zote mbili kutoka Dubai, nikamaliza ya kwanza, nikaingia ya pili kifua mbele.

Wakuu. Kila karata ina gharama yake, na deki yako ina kikomo cha gharama. Mwanzoni kikomo ni kidogo kiasi kwamba hata upewe Blue-Eyes White Dragon bure huna pa kumuweka. Unabaki na vimonsta vya ajabuajabu huku mpinzani anashusha mibaba. Ukishinda kwa taabu, unaongezewa kikomo kidogo tu, unarudi kupigana na walewale dhaifu ili ukue. Halafu kuna sehemu unapambana na watu wawili watatu mfululizo na LP hazirudi! Unaingia kwa wa pili ukiwa majeruhi, yeye ndio kwanza ametoka kuoga.

Na zile asili sasa. Maji yanazima moto, moto unachoma msitu, maji yanashinda umeme, kivuli kinaua nuru. Asili yako ikizidiwa, nguvu haihesabiki. Blue-Eyes ana 3000, lakini ni wa nuru, anauawa na kajini kokote ka kivuli. Nilirusha Game Boy kwenye godoro. Kwenye godoro kwa sababu si yangu.

Hapo kompyuta ina haja gani ya kuchungulia? Waliotengeneza walishakuibia kabla hujawasha.

#14 Binti Mwananyamala
@Mtoto wa Game Boy umechanganya moja. Umeme ndio unaoshinda maji. Mzunguko ni huu: maji yanashinda moto, moto msitu, msitu upepo, upepo ardhi, ardhi umeme, umeme maji. Na ule mwingine wa pembeni: kivuli kinashinda nuru, nuru inashinda shetani, shetani anashinda ndoto, ndoto inashinda kivuli.

Mimi Reshef niliipenda, nichekeni tu. Ni gemu pekee ya Yu-Gi-Oh iliyonifanya niipange deki kwa kalamu na karatasi. Ukijua unayekwenda kukutana naye ni wa asili gani, unamuandalia dawa yake.

#15 Dogo wa Mbagala
Dada ana mzunguko wote kichwani. Huyu ndiye mashine inayochungulia.

#16 Deki Arobaini
Reshef tuiweke kando, sheria zake si za Yu-Gi-Oh ya kawaida. Mkitaka kuipima kompyuta chukueni zenye sheria kamili. Kwenye Game Boy Advance kuna The Eternal Duelist Soul ya 2002, na ya mwisho mwisho Ultimate Masters ya 2006 yenye karata zaidi ya 2000. Hizo hazina hadithi, hazina kutembea mitaani, ni wewe na mpinzani na meza. Kuna wanaoziona kavu. Kwangu ndizo bora kuliko zote zilizowahi kutoka kwa mkononi, Tag Force ikiwemo.

#17 Kijana wa Pantoni
Tag Force ikiwemo?? Mkuu hapo tutagombana.

#18 Mzee wa Kijiwe Ilala
Vijana, nimepita kusoma nikaona nami nitie neno. Hiyo Eternal Duelist Soul naijua. Kijana wangu aliiacha nyumbani alipokwenda chuo, mimi nikabaki nayo usiku lindoni. Kiingereza cha kwenye karata ndicho kilichonisumbua, michezo ya karata siyo.

Kuhusu kuchungulia, nina ushahidi wa kinyume. Kuna karata inaitwa Big Shield Gardna, kushambulia 100, kujilinda 2600. Nilikuwa naifunika kifudifudi kila ninapoipata, na mpinzani anaijia kichwakichwa na monsta wa 1400, 1500, anaumia mwenyewe. Angekuwa anaona chini ya karata angeivamia? Hata mlevi asingeivamia.

Mnachosahau ni hiki. Mimi nacheza arubastini kijiweni tangu sijaoa, na hakuna siku mgawaji hajatuhumiwa. Aliyeshinda hajawahi kulalamika kwamba karata zimechangwa vibaya. Mleta uzi, mara ngapi wewe umechota karata ya kukuokoa dakika ya mwisho? Hizo mbona hujaziandikia uzi?

#19 Mtoto wa Game Boy
Shikamoo mzee. Hii ya lindoni na Game Boy imenikosha.

#20 Mzee wa Kijiwe Ilala
Marahaba mwanangu. Betri ndiyo ilikuwa kesi, mbili kila baada ya siku chache, mama yenu analalamika redio haiwaki.

#21 Kijana wa Pantoni
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, arubastini mgawaji unaona mikono yake. Huyu wa kwenye simu mikono yake siioni. Na hao wa 2002 huenda walikuwa wajinga kweli, hawa wa 2010 wamesomeshwa.

#22 Pacha wa Tandika
Naunga mkono mleta uzi. Tag Force kompyuta haigusi karata yako iliyofunikwa ikiwa ngumu, lakini ukifunika nyepesi inakuja mbio. Nimejaribu sana.

#23 Fundi wa Aggrey
Ulirekodi?

#24 Pacha wa Tandika
Simu ilikuwa imejaa.

#25 Dogo wa Mbagala
Simu ilikuwa imejaa 😂 Chai hiyo, tena ya rangi.

#26 Binti Mwananyamala
Narudi kwa mzee. Alikuwa anatumia namba za siri? Kwa wasiojua: karata halisi za karatasi zina tarakimu nane kona ya chini kushoto. Gemu nyingi za zamani ukiziingiza zile namba unaipata karata.

#27 Mzee wa Kijiwe Ilala
Kijana alikuwa na daftari zima. Shuleni kwao walikuwa wanazinakili kutoka kwa mtoto mmoja aliyeletewa karata halisi kutoka nje. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa kalamu nyekundu: Blue-Eyes 89631139, Dark Magician 46986414. Daftari ninalo mpaka leo, nyuma yake kuna hesabu za mkopo wa duka.

#28 Mtoto wa Game Boy
Pot of Greed 55144522. Hiyo naikumbuka kuliko namba yangu ya NIDA.

#29 Kijana wa Pantoni
Kumbe wezi mko humu humu. Mnaingiza namba mnapewa Blue-Eyes, halafu mnaitetea mashine.

#30 Deki Arobaini
Pot of Greed inakupa karata mbili bure, bila gharama yoyote. Mashindano ya karata za karatasi waliipiga marufuku 2005 na hawajairudisha. Mtu aliyezoea gemu za zamani akihamia mpya anahisi ananyimwa karata, wakati ni zile za bure ndizo zilizoondolewa. Hiyo nayo iwekwe kwenye sababu.

#31 Dogo wa Mbagala
Mimi nina sababu yangu rahisi. Anayeanza anakuwa na karata sita, wa pili anakuwa nyuma siku zote. Kompyuta inajipa kuanza.

#32 Deki Arobaini
Wa pili naye anachota zamu yake ikifika, kwa hiyo naye ana sita. Halafu tangu 2014 anayeanza hachoti kabisa zamu ya kwanza. Ila Tag Force 5 ni ya 2010, humo bado anachota, kwa hiyo kuanza kweli kuna faida. Lakini "inajipa kuanza" hiyo ni ya kwako.

#33 Pacha wa Tandika
Na mimi ya kwangu hii: kuna siku mpinzani alianza na Exodia mkononi, vipande vyote vitano, na ukivikusanya mkononi umeshinda papo hapo. Sijacheza hata zamu moja.

#34 Deki Arobaini
Vipande vitano, mkono wa karata tano, deki ya 40. Hiyo ni mara moja katika 658,008.

#35 Pacha wa Tandika
Basi labda ilikuwa zamu ya tatu.

#36 Kashata Baridi
Labda ilikuwa Jumanne.

#37 Mtoto wa Game Boy
Msimcheke sana, Exodia ya zamani ilikuwa inakuja haraka kweli. Sangan na Witch of the Black Forest zikienda kaburini zinakuletea monsta mdogo kutoka kwenye deki, na vipande vyote vya Exodia vinaingia hapo kwa udogo wake. Ongeza Pot of Greed na Graceful Charity, zamu ya nne ya tano mchezo umekwisha. Nimewafanyia hivyo wapinzani wa Eternal Duelist Soul mpaka nikachoka. Wao wangekuwa na mdomo wangefungua uzi huu.

#38 Mama Abdul Deki ya Moto
Jamani mnaongelea wizi wa mpinzani, hakuna anayeongelea mwenzako? Kwenye Tag Force unapigana wawili kwa wawili, meza moja, LP 8000 mnagawana. Nina Jinzo wangu mezani, 2400, amefunga mitego ya watu wote, tumekaa vizuri. Zamu inafika kwa mwenzangu anayeongozwa na kompyuta. Anamchukua Jinzo anamtoa kafara, anashusha kitu hata 2000 hakijafika. Halafu anamaliza zamu!

Mpinzani anaweza kuiba. Huyu wa upande wangu ndiye anayenimaliza.

#39 Dogo wa Mbagala
Na ulimnunulia sandwichi ndio akakubali kuwa mwenzako.

#40 Mama Abdul Deki ya Moto
Nyingi! Ile Tag Force ya kwanza kabisa, 2006, unazunguka chuo kizima unagawa sandwichi ili mtu akupende. Unahonga, unahonga, moyo ukijaa anakubali, mkiingia uwanjani anakutolea Jinzo kafara.

#41 Pacha wa Tandika
Ingekuwa Dar ungemhonga chipsi mayai na bado angekutolea kafara.

#42 Binti Mwananyamala
Lakini mama Abdul amegusa kitu. Kompyuta ileile inayomwendesha mwenzako ndiyo inayomwendesha mpinzani. Ikiwa ina akili ya kuchungulia na kuchagua karata, mbona upande wetu inacheza kama imelazimishwa?

#43 Kijana wa Pantoni
Kwa sababu inataka tupigwe dada. Upande wetu inajifanya mjinga makusudi.

#44 Binti Mwananyamala
Kaka yangu.

#45 Mwana wa Kimara
Nyie wote mngehamia Duel Links yasingewakuta haya. Ipo kwenye simu tangu Januari 2017, unapigana na binadamu mwenzako. LP 4000, nafasi tatu za monsta, deki 20 mpaka 30, unaanza na karata nne. Mechi inaisha kabla Mwendokasi haijatoka Kimara kufika Ubungo.

#46 Deki Arobaini
Na hesabu yake tamu: nakala tatu kwenye deki ya 20 na mkono wa karata nne, uwezekano wa kuanza na angalau moja unapita nusu kidogo. Ndio maana watu wanaona Duel Links "inagawa vizuri". Hakuna aliyekuwa mkarimu, deki ni fupi tu.

#47 Mtoto wa Game Boy
Halafu huko kuchagua karata ya kuchota ni halali! Yami Yugi, mhusika unayeweza kumtumia, ana ujuzi unaitwa Destiny Draw: ukishapungukiwa LP kiasi fulani, badala ya kuchota ya juu unachagua unayoitaka ndani ya deki. Kile kitu mleta uzi anachokishtaki hapa, kule wamekiweka rasmi.

#48 Kijana wa Pantoni
ASANTE. Kumbe waliowahi kufikiria kumpa mtu uwezo huo wapo. Sasa mnanishangaa nini nikisema kompyuta walishaipa kimyakimya?

#49 Fundi wa Aggrey
Duel Links bila bando hakuna gemu. Kijana anakuja dukani ananiambia "fundi simu inakula bando," nafungua naona Master Duel, Yu-Gi-Oh nyingine ya mtandaoni, imejaza simu. Tag Force haikuombi kitu. Umeme umekatika, mtandao umekufa, wewe unacheza. Kwa maisha ya hapa bado naichagua PSP.

#50 Mwana wa Kimara
Master Duel hapo mimi pia nakubali, hiyo ya Januari 2022 si ya kuchezea kwenye gari. Mtu akianza anashusha, anaita, anatoa kafara, anarudisha kutoka kaburini, wewe unatazama tu mpaka unashuka kituoni. Halafu ukiwa huna Ash Blossom mkononi ya kumkatisha, umekwisha kabla hujagusa karata. Huko hakuna haja ya kompyuta kuiba, binadamu anatosha.

#51 Mama Abdul Deki ya Moto
Ndio maana nimebaki kwenye zile za DS. Over the Nexus ya 2011, hadithi ndefu, unavaa unavyotaka, unaendesha pikipiki, ukichoka unafunga kifuniko unalala. Gemu ya mtu mzima.

#52 Pacha wa Tandika
DS unapata wapi dada? Mimi nilinunua Game Boy na kaseti Kariakoo, duka sitalitaja. Nimecheza Ultimate Masters wiki nzima, nimejenga deki, nazima, nawasha asubuhi: sifuri, hamna sevu. Narudi, muuzaji ananiambia "hiyo ndivyo ilivyo, usiizime."

#53 Fundi wa Aggrey
Usiizime 😂 Hizo si halisi. Nyingi sevu yake inategemea kabetri kadogo ndani, kakifa au kakiwa kameunganishwa vibaya, kumbukumbu inapotea. Ukileta nafungua naweka kengine, lakini deki yako ya zamani hairudi. Mwenye hela zake za Switch siku hizi anapata nyingi za zamani kwenye Early Days Collection, ilitoka Februari 2025. Eternal Duelist Soul, Sacred Cards na hiyo Reshef ya mateso zote zimo, tena unaweza kurudisha nyuma ukikosea.

#54 Mtoto wa Game Boy
Reshef ya kurudisha nyuma si Reshef. Mateso ndiyo gemu yenyewe.

#55 Mzee wa Kijiwe Ilala
Mimi nauliza, mleta uzi deki ameipunguza au bado?

#56 Kijana wa Pantoni
Nimepunguza mzee, nimefika 43. Hizo tatu siziwezi, tumetoka mbali.

Matokeo: nimeshinda mechi kadhaa mfululizo, nikaanza kuamini maneno ya Deki Arobaini. Asubuhi ya leo nakutana na yuleyule jamaa. Mkononi hana kitu. Anachota moja. Monster Reborn.

#57 Deki Arobaini
Na ukapigwa?

#58 Kijana wa Pantoni
Nilishinda, lakini hoja yangu iko palepale. Aliichotaje?

#59 Deki Arobaini
Aliiweka kwenye deki ndio maana aliichota mkuu.

#60 Pacha wa Tandika
Tumalize ubishi. Mtu kwa mtu, Jumamosi, PSP zinaunganika bila waya. Tukiona Dark Hole zinakuja wakati mbaya vilevile hata bila kompyuta, mleta uzi anyamaze. Zisipokuja, Deki Arobaini atununulie soda.

#61 Kijana wa Pantoni
Mimi PSP sina, nina simu.

#62 Fundi wa Aggrey
PPSSPP nayo inaunganisha, simu mbili kwenye mtandao mmoja. Njooni dukani baada ya saa tisa, Jumamosi huwa nafunga mapema. Kila mtu aje na sevu yake, na gemu iwe moja, tukubaliane Tag Force 5.

#63 Mama Abdul Deki ya Moto
Nami nakuja, na Abdul. Yeye ana Tag Force Special, ile iliyotoka Japani tu 2015, wapenzi wake wameitafsiri kwa Kiingereza. Haiwezi kupambana na hiyo 5?

#64 Fundi wa Aggrey
Hapana, lazima wote muwe na gemu moja. Mlete tu, namuwekea 5 hapohapo.

#65 Dogo wa Mbagala
Sawa, na hotspoti ni ya nani?

#66 Kashata Baridi
Mimi bado nipo pembeni. Ya Jumamosi mtuletee humu na picha, "simu ilikuwa imejaa" hatutaki.